Jina la Nyumbani

Jumamosi, Webuye, shule tupu.
Leo walimu ndio watoto.
Mwalimu Wekhomo wa hisabati, kipara chake na tai yake,
ni msichana wa gredi ya pili aliyepoteza kiatu.
Naibu mkuu amezirai karibu na tangi la maji,
anatuchungulia kwa jicho moja
kuona kama tumemwona.

Mkufunzi kaja kutoka Kakamega na filimbi.
Kabla ya kukimbia, anasema, hesabu.
Mkifika uwanjani, hesabu tena,
kwa kugusa bega, si kwa macho,
maana macho huona yanachotamani.

Lango la mbele ni la kuuliza.
Lango la nyuma ni la kukabidhiwa.
Mzazi asimwone mtoto kabla ya karatasi,
akimwona ataruka ua,
na ua ukirukwa na mmoja, umekwisha.

Mimi ni karani. Nimepewa meza, daftari,
kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibwe.
Jina la mtoto? Gredi? Wewe ni nani kwake? Kitambulisho?
Nauliza kwa sauti ya benki.

Akaja Nasambu, mpishi wetu, anaigiza nyanya:
leso kiunoni, mgongo kaukunja,
mwiko wa ugali ndio mkongojo.
"Namtaka mjukuu wangu."
Jina?
"Wanjala."
Napekua. Gredi ya kwanza hadi ya sita, hakuna Wanjala.
"Yupo. Alizaliwa mwaka ule mahindi yalikauka
yakiwa bado magotini."
Mama, hapa hayupo.
"Ana kovu la uji. Hapa, kidevuni."
Kovu halina safu katika daftari langu.

Vizuri, karani, akasema mkufunzi. Usimpe.
Tukacheka, Nasambu anajua kuigiza,
tukacheka mpaka tukaona haigizi.

Aliulaza mwiko juu ya daftari.
Akasema kwa sauti yake ya jikoni, ile ya kugawa maharagwe:

Kukhu wangu alikuja hivi,
asubuhi ya pili baada ya Nzoia kuingia bwenini.
Alitembea miguu mitupu, tope mpaka hapa.
Akaita langoni Nasambu, Nasambu,
na kwenye orodha mimi ni Everlyne.
Karani akamwambia, jaribu shule ile nyingine, mama.
Nilimsikia.
Nilikuwa nyuma ya stoo, nimefunikwa gunia,
homa imeninyang'anya sauti.
Alijaribu shule nyingine. Alijaribu tatu.
Tulionana siku ya nne.
Alinipiga kofi kwanza.

Mwalimu Wekhomo aliinama akavaa kiatu chake polepole.
"Fomu hii imetoka juu," mkufunzi akasema.
"Juu wapi?" Nasambu akauliza,
na akaangalia juu kweli,
kwenye mabati, kwenye viota vya mbayuwayu.

Ndipo mtu akauliza, naibu mkuu yuko wapi.
Bado alikuwa kwenye nyasi, amezirai,
siafu wameanza kumpanda soksi.
Tulihesabu mara tatu siku ile,
na mara zote tatu tulitimia.

Jumatatu nilichukua rula,
nikapiga mstari wa penseli pambizoni,
nafasi nyembamba, upana wa kidole cha mwisho.
Nikaingia gredi ya kwanza: nyumbani wanakuitaje?
Simiyu. Kuka. Mama Mdogo.
Mmoja alininong'oneza sikioni,
jina lake ni la babu aliyezikwa Agosti,
na bado hajazoea kulisikia likitajwa mchana.
Mmoja akasema hana.
Saa ya uji akarudi, kikombe mkononi:
ninalo, lakini uandike pole pole.

Niliandika pole pole.
Nasambu akapita na sufuria,
akachungulia daftari juu ya bega langu.
"Na makovu?"

Penseli ilikuwa bado mkononi.
Nikageuza ukurasa upande, nikatafuta nafasi.