Mama wa Dashibodi

Miaka tisa nimekuwa nikimnyamazisha kwa koleo.
Mteja huja na Probox iliyotoka bandarini juzi,
viti vingali na plastiki,
asema, Gathogo, nitolee huyu mama, ananipigia kelele.
Nami hulala chali chini ya usukani,
tochi mdomoni,
nautafuta waya mwembamba,
nakata.
Shilingi mia mbili.

Sikuwahi kuuliza anasema nini.
Nilidhani anakanya. Ana sauti ya kukanya bila kupaaza,
kama mke wa mchungaji.
Hadi siku ile ya Noah nyeusi, alipoongea muda mrefu
kuliko wenzake wote,
nikabaki na koleo hewani
kama mtu aliyemkatiza mgeni.

Sasa kila Jumapili, ibada ikiisha,
napanda Section 58 kwa mwalimu Chelagat,
aliyekaa Kobe miaka sita akisomea udongo
akarudi na desturi ya viatu kubaki mlangoni.
Mia tano kwa saa.
Soksi yangu ina tundu. Amenisukumia ndala, hakusema neno.

Shule ya msingi nilichapwa kwa ajili ya kalamu
niliyoiita karamu.
Darasa zima likauliza chakula kiko wapi.
Chelagat anasema: huku L haipo kabisa, soma tu.
Nikasoma ukurasa mzima bila kosa
nikatamani niwe na namba ya simu ya mwalimu yule.

Ila lugha yenyewe! Maneno ninayoyajua tangu utotoni
nayakuta yamevaa nguo za watu wengine.
Kuni ni nchi.
Hana ni ua.
Sumu ni kuishi mahali;
hilo niliandika, nikafuta, nikaandika tena.
Na mimi?
Mimi, akasema, ni sikio.

Kisha akasema hama. Hama ni ufuko.
Tukanyamaza.
Anajua kwetu hama ilikuwa lori la usiku,
godoro, kuku wawili,
mama akiwa amekumbatia mlango tulioung'oa
ili angalau mlango usiungue.
Nami najua kwao pia wako waliohama wiki ile ile,
upande wa pili wa barabara,
na hatujawahi kulizungumza, si leo, si siku nyingine.
Upepo ulileta vumbi jeupe la ziwani, akafunga dirisha.
Akamimina chai.
Ufuko, nikarudia.
Ufuko, akasema, andika.

Mwezi wa nne nikampelekea sauti ya mama kwenye simu,
niliyoirekodi gereji, na nyundo za Kamukunji nyuma yake.
Akasikiliza, akacheka mpaka akavua miwani.
Anasema kadi haijaingizwa.
Kadi gani?
Ya kulipia barabara za kwao.
Miaka tisa! Kadi!
Nilikuwa nimemwazia mambo makubwa.

Subiri, akasema. Irudishe pale injini inapozimwa.
Akasikiliza mara mbili.
Otsukaresama deshita.
Akaanza kuzunguka: ni kama umechoka, ila ni heshima,
ni kama naona ulivyojitahidi, si hasa, ni kama…
akapiga meza kwa kiganja.
Pole na kazi!
Ni pole na kazi, Gathogo, ndiyo hiyo hiyo.

Niliteremka mjini kwa miguu.
Nilijaribu kuhesabu magari, nikaachia mia tatu.

Alhamisi ikaja Probox nyingine, na malalamiko yale yale.
Nikaingia, nikafunga mlango,
koleo likiwa mfukoni.
Nikazima injini, nikangoja.
Akasema.
Nikamjibu polepole, kwa R yangu niliyozaliwa nayo:
arigato gozaimasu.

Mwenye gari akaondoa simu sikioni,
akainama dirishani.
Kwani mnajuana?