Aina ya Chombo

Mashine ya ushuru niliyopewa na halmashauri
huuliza kwanza: aina ya chombo?
Mtumbwi. Kipe. Boti ya abiria. Boti ya mizigo.
Nikishabonyeza ndipo inatema risiti.

Siku ile chombo kilitoka mawinguni,
kikakanyaga maji kwa viatu viwili virefu,
kikaja hadi mwaloni kwetu Sigunga
kikiunguruma kama kinu cha kusaga kilichoishiwa mahindi.
Upepo wake ukafagia vichanja.
Dagaa wa Mwavita, wa siku mbili juani,
wakarudi mchangani.
Hakupiga kelele. Alichukua ungo,
akaanza kuokota, mmoja mmoja,
na wageni wakampiga picha.

Nikamfuata rubani na mashine yangu.
Akasema, kwa adabu: hii ni ndege.
Nikasema: imeelea.
Akasema: kwa muda tu.
Nikasema hata mtumbwi huelea kwa muda tu,
kamuulize Toyi.
Akacheka. Hakulipa.

Barua ya kampuni ikaja na muhuri wa bluu:
ziwa ni mali ya umma.
Tuliisoma mkutanoni mara mbili,
maana Gwimo ni mzito wa masikio,
na ni yeye aliyeuliza:
huo umma huamka saa ngapi?
Sisi saa kumi na moja tuko majini, tunavuta.

Basi tukatunga sheria ndogo.
Kifungu cha kwanza: isitue kabla ya saa tatu,
vipe vikiwa vinarejea.
Cha pili: isivuke mstari wa madumu.
Madumu ishirini ya mawese, ya manjano,
tuliyafunga kwa kamba za nyavu chakavu.
Wimbi la usiku likayasogeza. Tukayarudisha.
Likayasogeza.
Mpaka wetu una tabia ya kutembea.
Cha tatu kilikuwa faini, tukabishana hadi adhuhuri,
mwenyekiti akaacha nafasi wazi.
Cha nne alikitoa Mwavita, kutoka nyuma:
siku za mbalamwezi, ije itakavyo.
Mwezi ukijaa taa zetu hazina kazi,
dagaa hawadanganyiki, vichanja vitupu.
Nani atamnyima mtu maji asiyoyatumia?

Nikaandika hivyo hivyo.

Wilayani wakairudisha na kalamu nyekundu:
kifungu cha nne hakieleweki, taja tarehe.
Tukaketi tena. Tarehe ngapi?
Mwezi haukai kwenye tarehe.
Tukaandika: mwezi ukiwa duara,
siku mbili kabla, siku tatu baada,
na anayetaka kujua atazame juu,
kwa kuwa yeye ndiye akaaye huko.

Haijapitishwa. Iko ndani ya faili, juu ya meza ya mtu.
Dagaa wa Mwavita waliuzwa nusu bei, na mchanga wao,
kwa mfuga kuku wa Uvinza.
Mashine nayo ina majina yale yale manne.

Ila jana, saa mbili usiku, simu iliita,
namba nisiyoijua, sauti niliyoijua.
Huku nilipo kuna mawingu, alisema rubani.
Mwezi wa huko ukoje?

Nilikuwa nimeshalala. Nikavaa kandambili,
nikashuka hadi ukingoni.
Taa za vipe zilikuwa zimeshatawanyika,
nyingi kiasi kwamba sikujua lilipoishia ziwa.
Juu ya milima ya Kongo, chini kabisa,
mwezi ulikuwa kama ukucha uliokatwa,
unakaribia kuzama.

Bado, nikamwambia.
Akanyamaza. Nikasikia anatafuta kalamu.
Bado siku ngapi?

Nikaibana simu kwa bega
nikaanza kuhesabu kwa vidole.