Kipande

Twalib alikwenda kupimwa apate kazi ya Doha,
akarudi na karatasi yenye mhuri wa neno moja: HAFAI.
Ameilaza mezani, kikombe cha kahawa tungu juu yake.

Nami dada yake, miaka kumi na mmoja
katika maabara ya Makadara nikihesabu damu za watu,
damu ya nyumbani sikuwahi kuiuliza jina.

"Nieleze," akasema. "Lakini usiwe daktari."

Basi sikiza.
Ndani ya ini lako mna askari wasiokwenda chuo.
Wengine husoma kwanza: huonyeshwa sura ya adui,
hukariri siku saba, nane, ndipo watoke.
Hawa hawangoji. Wamezaliwa na kazi yao.
Vitabuni huitwa wauaji asilia,
jina zito kwa vijiduara vya zambarau
vyenye punje kama ufuta juu ya mkate wa mofa;
nimewaona kiooni asubuhi nyingi, kabla ya chai ya saa nne.

Kazi yao ni kuuliza kipande.
Hiyo waijua. Waujua usiku wa Majengo,
tochi usoni, "Toa kipande!"
nawe mzaliwa wa Kuze, na babu yako mzaliwa wa Kuze,
wajipapasa mifuko kama mgeni.

Kila seli hutundika kipande chake mlangoni.
Kirusi kikishaingia, mara nyingine hukitungua,
kisijulikane kilichomo ndani.
Wasomi hupita, hawaoni kitu, hupita.
Muuaji asilia huona kile ambacho hakipo.
Hutoboa tundu moja, hutia sumu kidogo,
na seli hujifia kimya, bila kuamsha mtaa.

"Sasa mbona ningali nacho?"

Kwa sababu ini ni kiungo cha subira.
Kila ulacho hupita kwake:
pilipili, dawa, uchafu wa maji ya kisima.
Lingekuwa na hasira za upesi, lingewaka kila sahani.
Basi hata askari wake hufunzwa kuvumilia,
na hiki kirusi cha B chaujua uvumilivu huo,
chakaa ndani yake kama mpangaji asiyelipa.
Miaka ikipita, walinzi huchoka.
Na wakiamka kwa ghadhabu, ndipo lichomekapo ini,
si kwa mkono wa mwizi,
kwa mkono wetu tukimsaka.
Ingawa wamo pia, katika hao hao,
wanaowaua wafumao makovu.
Usiniulize nani ni nani. Hata mimi sijui bado.

"Na kiliingia lini?"

Hapo ndipo nilipotaka kuwa daktari.
Ulizaliwa kabla ya chanjo kufika, nikasema,
na aghalabu, kwa watu kama wewe, huwa ni siku ile ya kwanza.

Jikoni kijiko kikanyamaza.
Mama alikuwa akikaanga maini.
Akaja mlangoni, na kama kawaida yake akikosa maneno,
akayapima:

*Nilikupa langu ziwa, damu nisiyoijua,*
*mwizi ndani kafichiwa, mlango nikafungua,*
*usinione muuwa, mama hazai kuua,*
*kesho nami nitatowa, damu yangu kuijua.*

Twalib hakumjibu. Alisogea kwenye benchi,
akampisha akae.
Maini yakaungua, tukayasikia yakiungua,
hakuna aliyeinuka.

Nikasema kuna kidonge, kimoja kila siku,
hakimtoi mwizi lakini humfunga mikono;
nikasema kliniki ni Jumanne,
nikasema mengi.

Alipoinua kikombe, duara la kahawa lilikuwa limekula HA.
Imebaki FAI,
si neno,
ni kipande cha neno.
Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni
pale penye kitambulisho.