Pipa la Nne

Julai, Sikonge, saa moja asubuhi.
Mvuke unanitoka kinywani kama mvutaji,
na mimi sijagusa sigara tangu bodi inistaafishe.
Kalunde ameniita uani kwake.
Mpira wa maji umejikunja kando ya ndoo,
mapipa manne yamevikwa magunia
kana kwamba nayo yanaogopa kipupwe.

"Wewe pua yako imelipwa mshahara," anasema,
"miaka ishirini na sita unanusa majani ya watu,
hili daraja la kwanza, hili la kutupa.
Leo ninusie pombe."

Sikumwambia kwamba pua ile
niliiacha ghalani, kwenye vumbi la kahawia,
pamoja na kitambulisho na funguo mbili.
Nilivuta kigoda. Nikapokea kikombe cha bati.

Pipa la kwanza: asali, maji, na haraka.
Povu lake la kujionyesha
likafa kabla halijafika mdomoni.
"Tangawizi imetangulia na baiskeli," nikasema,
"asali inakuja nyuma kwa miguu."
Akaandika kwenye daftari la mwanawe,
chini ya hesabu za kugawanya.

Pipa la pili: karafuu.
Karafuu, halafu karafuu.
Nikajiona nimerudi kwa mng'oa meno,
nimefumba macho, nimeng'ang'ania kiti.
Nikacheka. Hakucheka.
"Nilizihesabu. Kumi na mbili tu."
"Basi humo ndani zimezaa."

La tatu lilikuwa zuri.
Mdalasini, iliki ya kunong'ona, ukali wa kiasi.
Zuri kama barua ya ofisi:
haina kosa,
na hakuna anayeisoma mara mbili.

La nne alilimimina polepole, akitazama pembeni.
Rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Kwanza baridi tu, meno yakalalamika.
Kisha asali ya miyombo, ile nyeusi,
ambayo bado ina moshi wa waliopanda mtini usiku.
Kisha tangawizi ikashuka kooni na taa mkononi,
ikiwasha chumba, ikienda chumba kingine.
Na nyuma ya yote hayo, kitu.

Kitu.
Si karafuu. Si pilipili manga.
Nikakizungusha, nikakibana kwenye kaakaa,
kikateleza, kikarudi chenyewe:
harufu ya mlango mpya,
ya nyumba iliyokwisha jengwa
na bado haijahamiwa.

"Humu umetia nini?"
"Kama mle mwingine."
"Kalunde. Umetia nini?"

Akavuta gunia chini.
Pipa la plastiki lilipasuka, akasema,
akaazima hili kwa fundi Lufungulo,
mninga mtupu, la mteja wa Ipole
aliyeleta nusu ya fedha kisha akawa kimya.
"Nililiosha mara tatu," akajitetea.
"Ungeliosha ya nne, ungetudhulumu."

Akalamba ncha ya penseli.
"Haya. Daraja gani?"

Nikawakumbuka.
Wamesimama mbele ya robota zao, kofia mikononi,
wakitazama mdomo wangu,
na mimi nanusa, natamka, napita,
wala sigeuki kuona
ni mbuzi wangapi watauzwa kwa neno lile.
Yule wa Kiloleli, jani lake lilikuwa na harufu ya tini.
Nilimpa la tatu. Ilikuwa karibu na saa ya chakula.

"Hujasema," akasema Kalunde.

Nikanyoosha kikombe.

Akakitazama, akaitazama penseli,
akaichomeka kwenye nywele,
akaenda ndani kuleta kikombe chake.
Upepo ulikuwa bado una meno.
Tukalivua pipa gunia lake
tukajifunika magoti.