Upande wa Kushoto

Nilifika saa nne, Kololo bado imelowa,
bodaboda mbili nyuma yangu, maboksi yamefungwa kwa mpira,
na mlinzi akaniuliza fundi mwenyewe yuko wapi.
Nikamwonyesha mikono yangu. Akafungua geti.

Baa bila wateja ni chumba kinachopiga miayo.
Viti juu ya meza, miguu hewani,
harufu ya malimau ya jana.
Kabla ya kushusha chochote nikapiga kofi moja
katikati ya ukumbi,
nikasubiri lirudi.
Likarudi mara tatu: kutoka kioo cha mbele,
kutoka marumaru,
na kutoka ule ukuta wa shaba alioupenda mbunifu
asiulize sauti italala wapi.

Bi Kobusingye, mwenye mali, alitaka mambo mawili:
muziki usikike kila mahali,
na usionekane popote.
"Watu wanalipia samaki bei ya mbuzi," akasema,
"halafu wanapigiana kelele kama wako mnadani."
Nikamtajia gharama. Akanyamaza,
ukimya ule wa tajiri anayehesabu.

Spika za zamani zilikuwa mbili,
kubwa kama makabati,
moja mlangoni, moja mwisho wa kaunta.
Wahudumu waliziita Mume na Mke.
Mume alishapasuka koni, akawa anakohoa kwenye besi;
Mke alipiga kelele usiku kucha
kwa ajili ya wawili.
Nikawafungua: vumbi, mende mkavu,
kizibo cha bia, hereni moja ya lulu ya uongo.
Sikuuliza.

Siku tatu juu ya ngazi.
Nikatoboa dari mara kumi na nne,
nikapitisha waya kama anayesuka nywele za mtoto mkorofi,
nikabandika sufi nyuma ya shaba ili ukuta ujifunze kumeza.
Umeme ulipokatika nilikula kikomando uani,
chapati na maharage, huku korongo wenye vipara
wakinikodolea macho kutoka paa la jirani.

Jioni ya tatu, saa ya kupima.
Sikuweka wimbo. Niliweka mvumo mtupu,
mvua isiyo na matone,
nikauhamisha spika hadi spika,
nikamwambia Wamboga wa kaunta:
nyoosha kidole unakousikia.

Wamboga, miaka tisa mahali pamoja,
kitambaa begani,
anayejua oda yako kabla hujamaliza kuitamka.
Akafumba macho. Akaonyesha mlango: sawa.
Dirisha: sawa. Kulia kwake: sawa.
Nikahamia kushoto.
Akangoja.
Nikaongeza.
Akangoja, anatabasamu
kama mtu anayesubiri chenji.
"Hiyo bado hujawasha," akasema.

Glasi zilikuwa zinatetemeka kwenye rafu.

Nikatazama sakafu pale Mke aliposimama:
mraba uliobaki mweusi kwenye marumaru iliyofifia,
na hatua moja kando, mahali viatu vya Wamboga
vimelamba jiwe.
Kumbe oda alikuwa akizisoma midomoni.

Alifuta glasi ambayo tayari ilikuwa kavu.
Akaniuliza hiyo sauti ikoje, ya kushoto.
Ningeweza kumtajia hetzi, na desibeli. Nikasema:
"Kama mafuta yanayochemka mbali, kabla hujatia kitunguu."
Akaitikia kwa kichwa. Hiyo aliijua.

Ijumaa walifungua. Watu walikula, wakanong'ona,
na Bi Kobusingye akapita meza hadi meza akipokea sifa.
Meza ya sita bwana mmoja alitamka jina lisilo la mkewe
kwa sauti aliyoizoea enzi za Mume na Mke,
na ukumbi mzima ukageuka.

Wamboga pia aligeuka.
Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimefanya
jambo lisilo kwenye ankara:
nilipanda ngazi, nikaigeuza spika namba tisa
nyuzi ishirini, impate sikio la kulia.
Kwenye mchoro wangu ni kosa.