Vipimo Viwili

Dukani kwa Mangi, Tandika, taa inapepesa.
Nageuza paketi tumbo juu, kama samaki,
natafuta maandishi yale ya ukubwa wa sisimizi.
Mbele wameandika HAINA SUKARI, wino mwekundu.
Mbele ni pa kuuzia.

Wanga: gramu kumi na nane.
Mwezi jana niliishia hapo.
Nikagawa kwa kumi na mbili, alivyonifundisha nesi,
nikamchoma Zuhena uniti moja na nusu,
nikalala nikijisifu.
Saa nane usiku mashine ikasoma kumi na tisa,
mtoto anakunywa maji kama mchanga.

Kumbe juu ya mstari ule palikuwa na mwingine,
umefinywa kwenye mkunjo wa nailoni:
*kwa kila kipimo*.
Na pembeni: *paketi hii ina vipimo viwili*.

Nani hula nusu paketi ya biskuti,
akaikunja, akaiweka kabatini?
Mtu huyo hakai Tandika.

Leo nasoma kwa kidole, kama tulivyosoma juzuu,
nisiruke hata nukta.
"Dada, unanunua au unasali?" Mangi ananiuliza.
Zuhena amenichungulia chini ya kwapa:
"Mara mbili, mama. Thelathini na sita.
Uniti tatu."
Ana miaka tisa.

Nalipa. Tunatoka.
Barazani Bi Mwanamkuu anageuza vitumbua,
vinanukia iliki, havina mbele wala nyuma.
Zuhena ameshasimama pale.
Natia mkono mkobani,
naitafuta mizani.