Gari Linashuka

Akauliza jina, nikasema Ambokile.
Akauliza kazi, nikasema nilikuwa utingo.
Bi. Nsubili akaisogeza fomu mbele yangu,
kalamu imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza
kama mbuzi.

*Mwezi uliopita umesumbuliwa kiasi gani
na kumbukumbu usizozitaka?*
Hapana kabisa. Kidogo. Wastani. Sana. Kupita kiasi.
Dirishani ukungu wa Julai umeimeza Loleza nzima,
na mimi nimepewa visanduku vitano.

Nikamuuliza: harufu naiweka kisanduku gani?
Maana dada akichoma mahindi uani
mimi sisikii mahindi, nasikia breki.
Akaigeuza karatasi,
akaandika mgongoni mwake, kwa mkono: *harufu*.

Jumla, hamsini na nane.
Nikainamisha kichwa kama aliyefeli.
Si alama, akasema,
ni fimbo ya kupimia mto. Hatujavuka bado.

Wiki ya tatu: fumba macho, simulia.

Gari linashuka Iwambi.
Viazi vya Uporoto vinalalia ubavu mmoja.
Mzee Mwasomola anakanyaga, anakanyaga,
mguu unafika chini, hauguswi na kitu.
Gia inakataa.
Ananiambia ruka.
Ananiambia ruka, we mjinga
nafungua mlango

Hapo nilinyamaza.
Hakunipa pole. Pole nilishapewa nyingi,
pamoja na wali wa msiba.
Alisema: rudi mlangoni. Mkono wako umeshika nini?

Darasa la sita, kule Igoma,
mwalimu alitufundisha: *-na-* ni sasa, *-li-* ni jana.
Hakutuambia kuna lori
linaloweza kukaa kwenye *-na-* miaka miwili,
na kila usiku linashuka,
na kila usiku naruka mimi tu.

Akanirekodi kwenye simu, nikasikilize nyumbani.
Usiku wa kwanza niliifunika simu kwa blanketi,
nayo ikaendelea kusema humo ndani.
Usiku wa tisa nikajisikia nikitaja jambo
ambalo sikujua kama bado ninalo:
kabla ya mteremko mzee alikuwa akinitania,
ananidai mia tano, chai ya Uyole.
Nilicheka. Peke yangu, saa nane usiku, nilicheka,
kisha nikalia mpaka dada akagonga ukuta.

Wiki ya kumi tulisimama ukingoni mwa barabara, Iwambi,
yeye na koti lake la sufu, mimi na jasho.
Malori yakapita. Breki zikanuka.
Hofu ngapi, kati ya kumi? Tisa.
Tukasimama.
Ngapi? Tisa, nimesema.
Tukasimama. Mama mmoja akatuuliza kama tunasubiri Coaster.
Ngapi? Sita.
Na bila kupanga nikasema: lilishuka.
Bi. Nsubili hakuandika kitu.

Mahindi bado. Nayakwepa, nazungukia nyuma ya nyumba.

Lakini Jumamosi nilikwenda Ilemi kwa mjane wake,
nikatoa mia tano, nikasema ni ya chai.
Akaniangalia muda mrefu, kanga kiunoni, mikono ina unga.
Akaingia ndani, akatoka na sarafu mbili.
Chai ya Uyole mia tatu, akasema,
yule mzee alikuwa anakuibia.